Kukopa kijijini bila kukaushwa damu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika Januari napata simu zilezile. Mtu anataka laki tatu, ya mbolea ya kukuzia au ya mahitaji ya mtoto anayeingia fomu wani, ameenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kaambiwa sanduku halina kitu, ameenda SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) kaambiwa sio mwanachama, mwisho anaishia kwa yule jamaa wa pikipiki anayegawa hela asubuhi na kukusanya jioni, ndo huyo kausha damu. Februari ananipigia tena, safari hii anauliza afanyeje ili arudishiwe sola yake iliyochukuliwa kwa deni.

Mi ni mweka hazina wa kikundi huku Mbozi, mkoa wa Songwe, mwaka wa saba sasa. Maombi nimeyaona mengi yakikatwa na nakwambia ukweli, wengi hawakatwi kwa sababu ya umaskini. Wanakatwa kwa sababu wamekuja siku ya shida. Huku kwetu mkopo unaanza kuuomba miezi mitatu kabla hujauhitaji, na unauomba kwa kuweka hela, sio kwa kuongea. Ukishika hilo, yanayobaki ni utaratibu tu, ndo nauandika hapa.

Mifano ni ya Tanzania. Majina ya vikundi yanatofautiana, wengine wanaita VICOBA, wengine kuweka na kukopa, wengine hisa, ila mambo ni yaleyale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda popote

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kadi yenyewe ikiwepo poa, ikiwa bado namba inatosha sehemu nyingi.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, yenye muhuri. Kabla hujaenda kwake ongea na mwenyekiti wa kitongoji, maana mtendaji atamuuliza yeye kama anakujua.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina LAKO. Laini ya mume au ya mtoto inaleta shida siku ya kutumiwa hela.
- Picha pasipoti mbili au nne.
- Daftari dogo na kalamu.
- Majina ya watu wawili watatu wanaoweza kukudhamini (hatua ya tano nimeieleza kwa urefu, usiiruke).
- Orodha ya vitu vya dhamana ambavyo ni vyako kweli: mbuzi, baiskeli, cherehani, magunia. Sio shamba la familia.
- Hela ya kiingilio na ya kununulia hisa za mwanzo. Ndiyo, unaenda kutafuta mkopo ukiwa na hela mkononi, usishangae.

## Hatua ya 1: Andika hela inaingia lini, sio unaitaka lini

Chukua ukurasa mmoja wa daftari, andika miezi kumi na mbili kushuka chini. Kila mwezi andika hela gani inaingia. Kahawa, mahindi, maharage, kuku, vibarua, ndizi za mkungu mmoja mmoja, usidharau kitu. Alafu pembeni andika hela kubwa inatoka mwezi gani.

Sababu yake ni hii. Vikundi vingi vinatoa mkopo wa mwezi mmoja mpaka mitatu. Sasa mtu wa kikundi kisichogawana Disemba anakopa Novemba anunue mbegu na mbolea ya DAP, mahindi huku tunavuna Juni na Julai, mkopo unatakiwa uishe Februari, na Februari ndo mwezi ambao ghalani hamna kitu na debe la mahindi liko juu. Atalipa na nini? Atakopa kwingine alipe hapa. Hapo ndo shimo linapoanza kuchimbwa, na mtu mwenyewe sio mvivu wala sio tapeli, kakosea kalenda tu.

Kwahiyo kama hela itarudi baada ya miezi saba au nane usiikope kwenye mkopo wa miezi mitatu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukopa kidogo kwenye kikundi, kiasi ambacho vibarua na mayai vinaweza kukirudisha hata shamba lisipotoa punje. Ya pili ni kwenda SACCOS ambako muda wa marejesho unaweza kuwa mrefu na wengine wanakubali ulipe baada ya mavuno.

Hatua hii umeimaliza pale unapoweza kusema kwa pumzi moja: nataka kiasi hiki, mwezi huu, na nitakirudisha kwa hela ya kitu fulani kinachoingia mwezi fulani. Kama unaanza na "Mungu atasaidia", rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Jua nani anakopesha kwenu

Nenda ofisi ya kijiji, uliza. Alafu mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata, huyu ndo anavijua vikundi vilivyosajiliwa na vile vilivyokufa. Watu hawamtumii kabisa huyu afisa, sijui kwanini.

Utakutana na hawa:

Vikundi vya kuweka na kukopa. Watu kumi na tano mpaka thelathini, wanakutana kila wiki, hela ipo kwenye sanduku. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka daraja la nne la wakopeshaji, na usajili wao unafanyika halmashauri. Kwa mkopo wa laki moja mpaka laki tano mimi ningeanzia hapa.

SACCOS. Ni ushirika, unalipa kiingilio, unanunua hisa, unaweka akiba, mkopo unapimwa kwa akiba yako, mara nyingi unafika mara tatu yake. Inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na inatakiwa iwe na leseni. Uliza leseni, iangalie kwa macho, na ukitilia shaka muulize afisa ushirika wa wilaya.

AMCOS, yaani ushirika wa wakulima wa kuuza mazao. Kama unalima kahawa, korosho au tumbaku hawa unao tayari. Baadhi wanatoa pembejeo kwa mkopo na kukata kwenye malipo ya mazao. Nzuri kwa sababu kalenda yake ni ya shamba lenyewe. Mbaya kwa sababu watu wanasaini karatasi bila kujua mfuko wa pembejeo umeandikwa bei gani, siku ya malipo wanakuta hela nusu. Uliza bei, iandike kwenye daftari siku hiyohiyo.

Makampuni na watu binafsi wanaokopesha. Hawa ni daraja la pili, wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, na riba yao imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, hata kwa simu ya kijana wako unaweza kuiangalia.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Hauna riba. Ila huu ni wa vikundi vyenye mradi, sio wa mtu kwenda kulipia matibabu, kwahiyo kama shida yako ni ya binafsi usipoteze miezi huko.

Aplikesheni za kwenye simu sizihesabu kama wakopeshaji wa jamii. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Wengine wakishapata namba zilizopo kwenye simu yako watamtumia meseji ya deni lako mpaka padri.

## Hatua ya 3: Kaa kwenye mkutano wao kabla hujatoa hata mia

Omba kuhudhuria kama mgeni. Kikundi kisafi kinakubali, kinachoficha mambo kinakwambia lipa kiingilio kwanza. Hicho cha pili achana nacho.

Ukifika usikae karibu na rafiki yako mkapiga stori. Kaa unapoliona sanduku.

Sanduku zuri lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na wala sio mwenyekiti, mke wake na shemeji yake. Sisi tunafungua hivi: washika funguo wanaitwa kwa namba, kila mmoja anafungua ya kwake mbele ya watu, alafu kabla hela haijaguswa katibu anauliza "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Watu wote wanajibu kwa pamoja, kwa kichwa, bila kuangalia daftari. Wahesabu fedha wawili wanamwaga hela kwenye beseni, mmoja anahesabu, mwenzake anarudia. Siku moja wanachama tulisema laki nne na elfu kumi na mbili, beseni likasema laki nne na elfu kumi na mia tano, mkutano ukasimama dakika arobaini kwa ajili ya buku na jero. Mgeni aliyekuwepo alinong'ona kwamba tunapoteza muda. Mi nakwambia hicho ndo kikundi cha kujiunga.

Angalia pia haya, haraka haraka:

- Katiba ipo kwa maandishi na mwanachama wa kawaida anaweza kukuonyesha?
- Wanaodaiwa wanasomwa kwa sauti, au wanafichiwa?
- Aliyechelewa anapigwa faini, hata akiwa mwenyekiti?
- Hela yote inalala kwenye sanduku, au kuna akaunti ya simu au ya benki? Vyote vinafaa, ila uliza nani anasaini.
- Mwaka jana waligawana lini, na kila mtu alipata chake?

Hilo la mwisho usimuulize kiongozi. Muulize mama aliyekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, mkiwa mnatoka.

Ukitoka pale ukiwa unajua bei ya hisa, riba, faini, muda wa mkopo na tarehe ya kugawana, umemaliza. Kikikosekana kimoja rudi wiki ijayo.

## Hatua ya 4: Ingia mapema, na uijue kalenda ya sanduku

Hapa ndo wengi wanapofeli, kwahiyo nitakaa kidogo.

Vikundi vingi vinavunja Disemba, yaani wanagawana kila kitu, hisa na faida, watu wale sikukuu. Januari wanaanza upya. Sasa fikiria, Januari sanduku lina nini? Lina hisa za wiki mbili. Hata kama ni mwanachama mwaminifu wa miaka kumi hamna laki tatu ya kukupa, haipo. Na ikifika Oktoba, Novemba mikopo inafungwa kwa sababu madeni yote lazima yarudi kabla ya kugawana. Kwahiyo sanduku linakopesheka vizuri kuanzia kama Machi mpaka Septemba hivi, na shida zetu wakulima zinakuja Novemba mpaka Februari. Sanduku na shida zinapishana mlangoni.

Ufanyeje? Kama shida yako ni ya Januari, usiitegemee mikopo ya Januari. Nunua hisa kwa nguvu kuanzia Februari mpaka Novemba, mgao wa Disemba ndo uwe mbolea yako na daftari za mtoto. Inauma kwa sababu Disemba kila mtu anapika pilau, ila nimeona walioweza. Au tafuta kikundi kinachovunja Juni, vipo, uliza afisa maendeleo.

Hesabu ya hisa iko hivi. Tuseme hisa ni shilingi 2,000 na unaruhusiwa kununua moja mpaka tano kwa wiki. Ukinunua tatu kila wiki, wiki kumi na mbili una 72,000, ukikopeshwa mara tatu ya hisa zako unapata mpaka 216,000. Ukinunua tano una 120,000, unafika 360,000. Anayenunua moja moja ana 24,000, huyo asije akalia akipewa 72,000.

Onyo: usinunue tano wiki mbili alafu upotee wiki nne. Kikundi kinaangalia mwendo. Mtu wa mbili mbili bila kukosa anaaminika kuliko mtu wa tano za mbwembwe.

Alafu kuna mfuko wa jamii, ile mia tano au buku ya kila mkutano. Ni kwa ajili ya msiba, kuuguliwa, kujifungua, na sehemu nyingi hautozwi riba. Nimeshuhudia mtu anakopa mkopo wa riba kupeleka mtoto hospitali wakati mfuko wa jamii una hela imelala palepale kwenye mfuko mwekundu. Hakuuliza, na sisi siku hiyo hatukumkumbusha, nakiri.

## Hatua ya 5: Wadhamini

Mdhamini sio jina la kujazia fomu. Ukishindwa, hisa zake zinakatwa. Kwahiyo usimfuate njiani wala kwenye sherehe, nenda kwake, jioni, ukiwa na daftari lako.

Kuna kijana wa kwetu alivyomwendea jirani yake, huyo mama alinisimulia mwenyewe:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapo."

"Asante mama. Nimekuja na jambo. Naomba laki mbili na arobaini kikundini, nikachukue mtumba wa watoto niuze sokoni Mlowo. Nitarudisha elfu tisini na mbili kila mwezi, miezi mitatu. Naomba unidhamini."

"Na usipouza?"

"Nina mbuzi wawili. Mwezi nikikwama nauza mmoja kabla hawajaja kwako."

"Mbuzi wapo?"

"Wapo mama, twende ukawaone."

Akavaa kandambili, akaenda akawaona. Alisaini kesho yake. Ona alichofanya huyu kijana, hakusema "niamini", kasema kiasi, kasema kazi, kasema marejesho, kasema cha kuuza akikwama, na kakubali kuhakikiwa.

Epuka kudhaminiana kwa mzunguko, yaani wewe unamdhamini A, A anamdhamini B, B anakudhamini wewe. Mmoja akianguka mnaanguka wote, na kikundi makini kinalikataa hilo fomu ikifika mezani.

Na wewe ukiombwa udhamini, una haki ya kukataa. Mimi nilimdhamini shemeji bila kuuliza chochote, si shemeji bwana, nitaanzaje kumhoji. Akahamia Tunduma bila kuaga. Nililipa laki na nusu kutoka kwenye hisa zangu na Disemba ile nikagawiwa elfu thelathini na mia nane, na niliihesabu mwenyewe kwa sababu mi ndo mweka hazina.

## Hatua ya 6: Siku ya kuomba

Fomu jaza nyumbani, sio pale mkutanoni watu wakikuangalia. Kama kusoma ni shida mpe mtu wa kwako akusomee, sio kiongozi wa kikundi.

Kama una mwenza, mwambie. Vikundi vingi vinataka saini yake, na hata visipotaka, deni la siri ndani ya nyumba huwa linajulikana siku mbaya zaidi. Ikifika kwenye nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako. Na kwa mkopo wa laki tatu usiweke nyumba wala hati ya kimila ya shamba, hata ukibembelezwa. Mkopo mdogo dhamana ndogo.

Utasimama mbele ya watu utaulizwa maswali. Jibu kwa namba. Ukiulizwa za nini usiseme "za biashara", sema biashara gani, unanunua wapi, unauza wapi. Kama ni za ada ya chuo au matibabu sema hivyohivyo. Watu wanadhani lazima wadanganye kwamba ni biashara, wakati kikundi kinachotaka kujua ni zitarudi na nini. Uongo kijijini unaishi siku tatu tu, jumapili mtu anakuona na bati jipya.

Ukipunguziwa, umeomba laki tatu wakakupa laki na nusu, uliza sababu kwa utulivu alafu jiulize kama laki na nusu inafanya kazi uliyoikusudia. Kama haifanyi, usiichukue. Hela nusu inaliwa, deni linabaki zima.

## Hatua ya 7: Piga hesabu kabla ya saini

Riba ina sura mbili na wengi hawaulizi ni ipi. Chukua laki tatu, miezi mitatu, asilimia 5 kwa mwezi.

Riba ya moja kwa moja: kila mwezi unatozwa 15,000 juu ya laki tatu yote, jumla 45,000. Utarudisha 345,000.

Riba ya salio linalopungua: mwezi wa kwanza 15,000, umelipa laki moja, mwezi wa pili unatozwa 10,000, wa tatu 5,000. Jumla 30,000. Utarudisha 330,000.

Asilimia ni ileile, tofauti elfu kumi na tano. Kwahiyo usiulize tu "riba ngapi", uliza "nitarudisha shilingi ngapi jumla, na lini na lini".

Sasa linganisha na yule wa pikipiki. Anakwambia laki tatu, unarudisha elfu kumi na tatu tu kwa siku, siku thelathini. Inasikika ndogo eti. Ila anakata 15,000 ya fomu palepale, mkononi unabaki na 285,000. Na 13,000 mara thelathini ni 390,000. Umelipa 105,000 ya ziada kwa mwezi MMOJA. Kwa kikomo cha asilimia 3.5 riba ya laki tatu kwa mwezi ni 10,500. Ndo maana watu wanaita kausha damu, na wala hawajatia chumvi.

Ukiona mojawapo ya haya, nyanyuka uondoke:

- Anataka kadi yako ya benki na namba ya siri.
- Anataka usaini karatasi tupu, au karatasi inayosema UMEMUUZIA sola, pikipiki au shamba.
- Hana ofisi, hana risiti, na mkataba anabaki nao yeye tu.
- Anataka alipwe kwa mazao, kwa bei ya leo. Hii ya kuuza mahindi yakiwa bado machanga ni mkopo wenye riba kubwa kuliko yote, sema tu haijaandikwa riba. Gunia unalopewa elfu thelathini Februari ukilikuta sokoni Agosti elfu sitini, umelipa asilimia mia kwa miezi sita.

## Hatua ya 8: Kupokea hela

Hesabu palepale, mbele ya watu, mara mbili. Ikiwa pungufu sema kabla hujaondoka, ukishavuka mlango hamna kesi. Ikitumwa kwa simu subiri meseji ya salio na uliza ada ya kutolea nani anaibeba.

Hakikisha vimeandikwa sehemu mbili, daftari la kikundi na kitabu chako: tarehe, kiasi, riba, tarehe za marejesho, majina ya wadhamini. Mkataba kama upo, kopi moja ni yako.

Alafu fanya ulichosema, wiki hiyohiyo. Laki tatu ikikaa ndani siku nne inaanza kupata ndugu.

## Hatua ya 9: Kurudisha, na ukikwama

Rejesho tenga kidogo kidogo. Kama ni 115,000 kwa mwezi, hiyo ni karibu 29,000 kwa wiki, iweke kwenye kopo au kwenye simu laini nyingine. Usisubiri tarehe ifike ndo uanze kuuza kuku kwa bei ya hasara.

Kila unapolipa, kitabu chako kiandikwe na kusainiwa. Neno "nimekupa juzi sokoni" halina nguvu mkutanoni, tulishavunja urafiki wa miaka kwa neno hilo.

Ukiona unaelekea kukwama, nenda kabla ya siku. Nenda kwa mwenyekiti au mweka hazina siku tano kabla, na nenda na kitu, hata elfu ishirini. Sema una ngapi, kiasi kilichobaki kitaingia lini, omba kusogezewa. Vikundi vingi vinakubali kusogeza mwezi mmoja kwa faini ndogo. Anayekuja na elfu ishirini kabla ya siku anasikilizwa, anayezima simu anafuatwa na wanachama kumi na mbili nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi, na hapo hata mimi siwezi kukutetea.

Mwambie na mdhamini wako. Asilisikie mkutanoni.

Usikope kwa wa pikipiki ili ulipe kikundi. Bora uombe kikundi kikate hisa zako, utabaki mtupu ila deni limekufa.

Ukimaliza rejesho la mwisho usiondoke kwa furaha ukaacha karatasi. Jina lako lifutwe kwenye ukurasa wa wadaiwa ukiwa unaona, saini iwekwe, tarehe iwekwe, kama uliacha kadi ya pikipiki au karatasi yoyote ya dhamana irudi mkononi siku hiyo. Na jina la mdhamini nalo lifutwe, hili linasahaulika sana, kuna mama alikaa miezi mitano hawezi kukopa kwa sababu daftari bado lilikuwa linaonyesha anamdhamini mtu aliyemaliza deni zamani.